Kitanda Nilichokiita Kuni

Chang'ombe, Dodoma
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Mwanaidi,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua, maana asubuhi umeimba bafuni mpaka mama yako akagonga mlango. Ya kwangu ni njema, isipokuwa kuna neno limenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na nimeona kwa mdomo halitoki. Mimi, niliyekula miaka ishirini na mitano kwa mdomo huu huu! Basi nimechana karatasi za katikati kwenye daftari lako la zamani la hesabu, nimekaa barazani, nakuandikia wakati wewe na mama yako mmekwenda kumuaga shangazi.

Mambo ya safari siyagusi. Sweta, dawa ya kifua, namba za simu ziandikwe na kwenye karatasi endapo simu itaibiwa: hayo mama yako ameyasema mara tatu kwa siku ya leo tu, na kesho stendi atayasema tena. Mimi nataka tuzungumze habari ya kitanda cha kufumia, kile tulichokifungua leo mbao kwa mbao. Unadhani habari yake unaijua yote. Huijui.

Unajua kwamba baba yako ni dalali wa mahindi, lakini hukuwahi kunifuata Kibaigwa ukaniona kazini. Mkulima anashusha gunia lake. Mimi nalichoma bambo, kile chuma chenye mfereji, punje zinateremka kiganjani, naitafuna moja, naitema, halafu nakunja uso. "Mzee, haya yana unyevu." Hata kama ni makavu yanalia kama kokoto, nitamwambia yana unyevu, au nitatafuta punje moja iliyotobolewa na dumuzi nimwonyeshe kana kwamba gunia zima ni unga mtupu. Kanuni ya kwanza niliyofundishwa pale sokoni ni hiyo: ukikipenda kitu, kunja uso. Ukikipenda sana, geuka kabisa kama unayeondoka. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, sikufichi. Wenzangu walisema ningeweza kumshawishi mtu aone aibu kwa kulima.

Ubaya ni kwamba sura niliyoikunja sokoni nilikuja nayo mpaka nyumbani, na sikuwa na habari.

Ulipomaliza kidato cha nne na matokeo yakaja yalivyokuja, ulijifungia siku nne. Siku ya tano ukaokota ubao, ukaupiga misumari huku na huku, ukatandika nyuzi ukaanza kufuma mikanda na vitambaa vidogo vya kuwekea vikombe. Nilikuwa naruka misumari yako kila nikiingia na nilinung'unika. Lakini nilikuona. Niliona unavyohesabu nyuzi kwa midomo bila kutoa sauti, kama mtu anayesoma dua. Nilimwambia mama yako, "Huyu anapoteza muda." Kesho yake nikaenda kuuliza madereva wa malori kama kuna mtu anauza mashine ya mbao ya kufumia vitambaa vipana.

Dereva mmoja wa maharage akaniambia kuna bibi kule kwao Kibakwe, milimani, alifundishwa na masista zamani, anacho kitanda cha kufumia lakini magoti yamemgomea, hawezi tena kukanyaga vile vibao vya chini. Nikapanda naye lori. Wewe nilikuambia naenda kuangalia mahindi.

Bibi Yudita alinipokea vizuri. Akanipa kigoda, akanipa togwa. Kitanda kilikuwa chumba cha nyuma, dirishani, kikubwa kuliko nilivyotegemea, mbao zake nyeusi kwa kushikwashikwa, na juu yake palikuwa na kitambaa kilichofumwa nusu. Moyo wangu uliruka. Nilikuona wewe umekaa pale. Na kwa kuwa moyo uliruka, nikafanya nilichozoea kufanya: nikakunja uso. Nikapiga ubao mmoja kwa kiganja, nikasikiliza, nikatikisa kichwa.

"Bibi," nikasema, "mimi nilidhani ni kitanda. Hizi ni kuni tu. Nikizichukua nakusaidia kufagia chumba."

 Akataja bei ndogo kuliko niliyokuwa nimejiandaa kuipigania. Nilitakiwa nishtuke hapo. Badala yake nilijipongeza. Akasema, "Sawa, mwanangu. Kama ni kuni, ngoja nikufungie kama kuni." Akachukua kisu akakata nyuzi zote, akafungua mbao moja baada ya nyingine bila kuweka alama yoyote, akazifunga kwa kamba ya katani mizigo miwili, kama wanavyofunga wanawake wanaotoka porini. Nikamshukuru. Nikarudi Dodoma juu ya lori nikichekacheka peke yangu.

Iliyobaki unaikumbuka. Ulipofungua ile mizigo ulilia kwa furaha, halafu jioni ukalia kwa hasira. Hatukujua ubao upi unaingia wapi. Vile vitanzi vya kupitishia nyuzi vilikuwa vimevurugika kama nywele za mtu aliyeamka. Na kitana, lile chanuo refu la kushindilia uzi, hakikuwemo kabisa. Niliwatangazia majirani wote kwamba yule bibi amenitapeli. Mbao zikakaa nyuma ya nyumba masika nzima, mama yako akawa anaanikia vyombo juu ya ubao mmoja, na kila nilipopita nilitazama pembeni.

Ni wewe uliyesema, "Baba, turudi kwake." Ulikuwa na miaka kumi na saba. Nilikataa mara ngapi? Nilisema sina nauli. Nauli nilikuwa nayo, uso wa kumtazama bibi ndio sikuwa nao.

Siku tuliyokwenda alikuwa uani anapepeta uwele. Nikamwamkia kwa Kigogo changu cha kuunga, "Mbukwenyi, Bibi," nikidhani nitamlainisha. Akanijibu kwa Kiswahili, bila kuacha ungo.

"Kuni zimekwisha? Umefuata nyingine?"

 Ndipo akakugeukia wewe. "Na wewe, binti, umefuata nini?"

Sijawahi kukuambia jibu lako lilinifanya nini. Ulipiga goti ukasema, "Shikamoo, Bibi. Nimefuata kitanda changu. Mbao zilifika, chenyewe hakijafika."

Bibi akaweka ungo chini. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akaingia ndani, akatoka na kile kitana kimefungwa kwenye kitenge, akakipakata. "Kuni hazina kitana," akaniambia, "ndiyo maana sikukupa." Kisha akaacha kucheka. "Sasa wewe, baba wa huyu. Siku ile ulinunua nini kwangu?"

"Kitanda cha kufumia, Bibi."

"Kizuri au kibaya?"

Mwanaidi, uliniona nikihangaika. Mtu angedhani nimemeza mahindi mabichi. "Kizuri," nikasema.

"Kwa sauti. Alikichonga mume wangu, mwaka aliponioa. Yuko pale nyuma ya zizi, tumemzika pale. Siku ile alisikia kuni. Na leo asikie."

Nikageukia zizi la mbuzi, mtu mzima na kofia yangu kichwani, nikapaza sauti: "Kitanda ni kizuri! Ni kizuri sana!" Mbuzi wakanitazama. Wewe ulijifunika uso kwa mtandio na mabega yalikuwa yanatikisika, usidhani sikuona. Lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nimeingia nyumbani kwa mjane, nikanywa togwa yake, nikaiita kuni kazi ya mikono ya marehemu wake, kwa sababu tu niliipenda. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akakubakiza mwezi mzima akikufundisha. Ulirudi umekonda, viganja vimechunika, unasema maneno ya Kigogo unapokosea hesabu, na ukakisimamisha kitanda peke yako kwa siku moja, huku mimi nashika tu nilichoambiwa nishike. Kile chumba cha mbele kikapata sauti. Hata leo nikiwa Kibaigwa, katikati ya kelele za wapakiaji, naisikia: kanyagio chini, kitana mbele, kanyagio chini, kitana mbele.

Ungedhani baada ya Kibakwe nimepona. Nilipona kwa bibi, kwako sikupona. Kitambaa chako cha kwanza kipana, ule mtandio wa mama yako wa rangi ya udongo wenye mistari ya bluu, ulinitandazia mapajani. Macho yako yalikuwa yakisubiri. Nami nikafanya nini? Nikautafutia punje ya dumuzi. Nikasema, "Hapa pembeni pamevutika."  Ulikwenda ukafumua kazi ya siku tatu. Nilikaa barazani hapa nikisikia unavyofumua, nikajiambia ninakukomaza. Uongo mtupu. Nilikuwa nakuchoma bambo kama gunia la mtu nisiyemjua.

Na nilivyo mnafiki, ulipokuwa ukitoka kwenda sokoni Majengo kununua nyuzi, nilikuwa naingia chumbani nakipapasa kitambaa kilichopo juu ya kitanda. Siku moja nikakaa kabisa, nikajaribu. Ndivyo ulivyozaliwa ule mkeka wangu wa kufutia miguu, wa kijani, ulioanza mpana ukaishia mwembamba kama suruali. Ulipouona ulinisifu. Ulisema, "Baba, umeanza vizuri." Mtoto wangu ulinisifu mimi kwa takataka ile, na mimi sijakusifu kwa lolote.

Sasa shika vizuri karatasi, maana nimefika kwenye mwiba.

Mwaka juzi, kiangazi, siku moja uliyokwenda kununua nyuzi, alikuja mgeni. Mama mnene kidogo, mpole, miwani imening'inia shingoni. Alisema anaitwa Mama Eliza, anatoka Morogoro, ana karakana ya kufuma, na amesikia kwamba katika mtaa huu kuna binti ana mkono mzuri. Anatafuta fundi wa kwenda kukaa kule afanye kazi na afundishe wengine. Akauliza kama anaweza kuona kazi yako.

Mtandio wako wa zambarau, ule wenye vidirisha vidogo, ulikuwa juu ya kitanda, hatua tano kutoka aliposimama. Nilijua akiuona, amekuchukua. Nikamwambia asubiri barazani. Nikaingia ndani, nikapita kitanda, nikaenda mlango wa uani, nikauokota mkeka wangu wa kufutia miguu, nikaukung'uta vumbi, nikamletea.

Nikasema, "Ndiyo kazi yake hii. Bado anajifunza."

Aliugeuza huku na huku. Alikuwa mtu wa heshima, hakucheka. "Mwambie asikate tamaa," akasema. Akaaga akaondoka. Uliporudi na mfuko wako wa nyuzi ukauliza nani alikuja, kwa kuwa uliona kikombe cha mgeni, nikakuambia ni mtu aliyekosea nyumba.

Siku ile nilijijua. Miaka yote nilidhani dalali anashusha thamani ya kitu ili akipate kwa bei ndogo. Kumbe na mtu anayeogopa kuondokewa anafanya vile vile. Nilikuponda mbele ya mgeni ili asikutake. Nilikutaka ubaki. Nilitaka sauti ile ya kanyagio na kitana isihame chumba cha mbele. Huo ndio ukweli wangu wote na hauna pembe nyingine ya kuugeuzia.

Na wewe sasa nikuambie ulivyonishinda. Hukupita kwangu. Ulipiga picha vitambaa vyako mwenyewe, ukazituma kwa mafundi wa mikoa mingine, ukajibiwa, ukajadiliana bei yako mwenyewe chumbani na mlango umefungwa, na mimi nikiwa nimetega sikio nje nilisikia unataja kiasi na hukushuka. Hukushuka hata kidogo! Nikasema moyoni, huyu ni wangu. Halafu nikakusikia ukisema, "Sawa, Mama Eliza, nitakuja Morogoro," nikalitambua jina. Nilitoka uani nikijifanya nimepaliwa na chai. Mama yako akanipiga mgongoni kwa kitu ambacho hakikuwepo.

Ni yule yule, mwanangu. Kesho kutwa utakapokuwa unafunga kitanda chako kwenye karakana yake, atakumbuka Chang'ombe. Atakuuliza kuhusu mkeka wa kijani. Ningeweza kunyamaza nikaomba asahau, na wiki mbili zote hizi ndicho nilichokuwa nikiomba. Lakini leo asubuhi tulipokuwa tunakifungua kitanda nilikuona unavyokifungua kwa njia ya Bibi Yudita. Hukukata nyuzi. Ulizifunga mafungu mafungu zikiwa bado ndani ya vitanzi vyake, ili ukifika uunge mpya kwenye hizo hizo na njia isipotee. Ukachana kanga kuukuu ya mama yako, na kila panapokutana mbao mbili ukafunga vipande viwili vya rangi moja. Nilipotaka kukipakia kitana ukasema, "Hapana baba, hiki nakipakata mwenyewe." Nikaona siwezi kukuachia uondoke na kila kitu kimewekwa alama isipokuwa uongo wangu.

Nimeandika ili uisome ukiwa bado hapa. Nitaiweka juu ya mto wako uikute mkirudi. Kama utakasirika, na ni haki yako, nikasirikie nikiwa mbele yako, usiende kukasirika peke yako Morogoro. Kama asubuhi hutaniamkia, nitajua, na nitakubebea mizigo hivyo hivyo. Nisamehe. Nimeipoteza miaka miwili yako kwa woga wangu, na sina cha kuirudisha.

Ushauri nilionao ni mmoja, na nimeupata kwa aibu, kwa hiyo hauna harufu ya mwalimu. Utakuwa na wanafunzi. Watakutandazia kazi mapajani, watasubiri kwa macho kama yale yako. Kasoro utaiona, una jicho la dalali, umelirithi na siwezi kulitoa. Iseme. Lakini anza na kile kilichofanya moyo wako uruke, kiseme kwanza na ukiseme kwa sauti, hata kama wanaokusikia ni mbuzi.

Na mimi nianze leo, nimechelewa lakini nianze. Mtandio wa rangi ya udongo ulikuwa mzuri. Pembeni hapakuvutika. Niliuangalia vizuri pale pale mapajani, palikuwa pamenyooka kama rula. Mtandio wa zambarau ni kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa ndani ya nyumba hii, na humo nahesabu na hii baraza niliyoijenga mwenyewe. Una subira ambayo mimi sina na mama yako hana, hatujui uliitoa wapi. Uliangushwa na mtihani ukainuka na ubao na misumari. Ulimpigia goti mtu niliyemkosea mimi, ukaurudisha uso wangu. Najivunia kuwa baba yako. Ninapokuwa sokoni na watu wakazungumza habari za watoto wao, mimi hunyamaza, nao wanadhani sina la kusema. Kuanzia Jumatatu watanikoma.

Mkeka wa kijani nimeutoa mlangoni, nimeufua, nimeuweka ndani ya begi lako chini ya sweta. Mama Eliza akiuliza, mwonyeshe. Mwambie ni kazi ya baba yako, ndiye aliyekuwa bado anajifunza.

Nasikia sauti ya mama yako kwenye kona, anamsimulia jirani habari za sweta. Lazima nimalize. Kesho stendi, wapakiaji watauona mzigo wetu wa mbao, na nawajua, kuna mmoja atasema, "Mzee, hizi kuni zinakwenda wapi?" Usiwahi kumjibu. Niachie mimi. Nina jibu nililodaiwa tangu Kibakwe, na safari hii nitalisema mbele yako, stendi nzima isikie: hicho ni kitanda cha kufumia, kipakieni taratibu, na huyu aliyepakata kitana ni fundi. Ni binti yangu.

Baba yako